Faili Kwanza: Kipakatalishi Kinapokwama Kikipandishwa Toleo

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya bure ya kuziba mianya ya usalama katika Windows 10, mfumo endeshi uliotoka Julai 2015 na ambao kwa miaka kumi uliendesha vipakatalishi vingi vinavyotumika shuleni, katika vyama vya ushirika, kwenye saiba na majumbani kuanzia Bungoma hadi Kitale, na kuendelea mashariki hadi Kachibora, mji mdogo wa Kaunti ya Trans Nzoia ulio upande wa vilima vya Cherang'any. Mfumo endeshi ni programu kuu inayoamka mara tu kompyuta inapowashwa, ikasimamia kumbukumbu, diski, skrini na kibodi, na ndiyo inayozibeba programu nyingine zote, zikiwemo za kuandikia barua na za kuperuzi intaneti. Kuupandisha toleo, kwa mfano kutoka Windows 10 hadi Windows 11, ni kuiondoa programu hiyo kuu na kuweka nyingine mahali pake huku faili za mwenye kompyuta zikibaki palepale zilipokuwa. Kazi hiyo ni tofauti na sasisho la kila mwezi, ambalo hubadilisha vipande vichache tu vya mfumo uleule, na ndiyo maana upandishaji huchukua saa nzima au zaidi, na unapokwama hutisha.

Hofu hiyo ina msingi. Kwa mwalimu wa shule ya msingi, kipakatalishi ndicho chenye alama za tathmini zinazosubiri kupakiwa kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC. Kwa karani wa ushirika wa maziwa, ndicho chenye hesabu za lita zilizopokelewa na malipo yanayodaiwa na wafugaji. Na kwa mwenye saiba, ndicho riziki yenyewe, kwa kuwa wateja humjia ili awasilishe ritani zao za ushuru kupitia tovuti ya iTax, awaombee vyeti kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen au awajazie fomu za mkopo wa masomo wa HELB. Hata hivyo, anayefuatilia jinsi data inavyopotea katika mikasa ya aina hii atagundua kwamba mara nyingi faili hazifutwi na upandishaji uliokwama. Hufutwa na dawa inayotolewa kwa pupa baadaye, pale mtu anapoizima mashine kwa nguvu katika hatua mbaya, au fundi anapofomati diski, yaani kuifuta na kuipanga upya, kabla hajauliza kuna nini ndani. Mfumo endeshi hupatikana tena siku yoyote, lakini alama za muhula mzima zikishafutwa bila nakala, hakuna duka linaloziuza.

Ili kuelewa kwa nini subira huokoa, ni lazima kwanza kufahamu kinachotendeka ndani ya mashine. Upandishaji wa Windows hupitia hatua nne. Katika hatua ya kwanza mfumo wa zamani ungali unafanya kazi: programu ya usakinishaji hupakua faili, hupima nafasi ya diski na kukagua kama kompyuta inatimiza masharti, na ikishindwa hapa hakuna kilichoguswa. Katika ya pili mashine hujizima na kujiwasha ikitumia mfumo mdogo wa muda, ambao huusogeza mfumo wa zamani kando, kwenye folda iitwayo Windows.old, na kuuweka mpya mahali pake. Katika ya tatu mfumo mpya huwaka kwa mara ya kwanza na kuanza kutafuta draiva, yaani programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuwasiliana na kifaa fulani kama vile kadi ya Wi-Fi, spika au printa. Katika ya nne huwaka tena na kuzihamisha akaunti na mipangilio ya mtumiaji. Hitilafu ikitokea katika hatua hizi za baadaye, programu ya usakinishaji huanza kurudi nyuma yenyewe, ikaurejesha mfumo wa zamani kutoka pale ulipowekwa kando. Safari hiyo ya kurudi huweza kuwa ndefu kama ile ya kwenda, na skrini wakati huo huonyesha duara linalozunguka tu, ambalo mtu asiyejua hudhani ni dalili ya mashine iliyokufa, kumbe ndipo inapojiponya.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya skrini iliyoganda ni kama diski ingali inafanya kazi. Vipakatalishi vingi vina taa ndogo ya diski pembeni, nayo ikimetameta, hata kwa vipindi, kazi inaendelea na mashine iachwe. Diski za zamani zenye sahani inayozunguka huenda polepole sana kuliko diski za kisasa za SSD zisizo na kitu kinachosogea, hivyo asilimia inayoonekana kusimama mahali pamoja kwa saa moja au mbili kwenye mashine ya namna hiyo haipaswi kumshtua mtu. Ikiwa taa imezimika kabisa na hakuna kilichobadilika kwa saa kadhaa, hapo kitufe cha kuwashia kinaweza kubonyezwa na kushikiliwa kwa sekunde kumi hivi hadi mashine izime, kisha vifaa vyote vya nje, yaani printa, flashi, modemu na kipanya cha waya, vichomolewe kabla ya kuiwasha tena.

Katika maeneo haya sababu moja inastahili kutajwa mbele ya zote, nayo ni umeme. Vipakatalishi vingi vinavyouzwa Kitale na Bungoma ni vya mkono wa pili, vilivyotumika kwanza katika makampuni ya Ulaya na Marekani, na betri zake mara nyingi zimechoka kiasi kwamba mashine huishi kwa chaja peke yake. Stima ikipotea, mashine ya aina hiyo huzima papo hapo kama kompyuta ya mezani. Nchi haijasahau usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipoifunika karibu Kenya nzima, lakini si lazima liwe tukio kubwa kiasi hicho: kukatika kwa dakika moja mchana wa mvua, wakati hatua ya pili inahamisha maelfu ya faili, kunatosha kuacha mfumo wa zamani ukiwa nusu umeondoka na mpya nusu umeingia. Anayetaka kupandisha toleo na aipime betri kwanza kwa kuchomoa chaja na kuangalia kama mashine inadumu nusu saa ikitumika. Isipodumu, kazi hiyo ifanyiwe mahali penye jenereta au betri ya akiba ya UPS, au iahirishwe hadi betri ibadilishwe. Ushauri huu unaonekana mdogo, lakini unazuia matatizo mengi kuliko programu yoyote ya kurekebisha.

Mashine ikirudi kwenye mfumo wa zamani, kwa kawaida huacha ujumbe wenye namba, na hapa ndipo watu wengi hupoteza ushahidi kwa kuufunga ujumbe bila kuupiga picha. Tuchukue mfano wa namba inayoonekana mara kwa mara: 0xC1900101 - 0x30018. Sehemu ya kwanza hutaja jamii ya kosa, na jamii hii karibu kila mara huhusu draiva. Sehemu ya pili hutaja mahali: tarakimu inayofuata baada ya herufi x ni hatua ambamo kazi ilianguka, 1 ikiwa ya kwanza, 2 ya mfumo wa muda, 3 ya kuwaka kwa mara ya kwanza na 4 ya kuwaka kwa mara ya pili. Msomaji wa namba hii anajua basi kwamba mfumo mpya ulifika salama, ukaanza kuwaka, kisha ukajikwaa kwenye draiva ya kifaa fulani. Dawa yake ni kuchomoa vifaa vya nje, kuondoa programu ya kupambana na virusi iliyonunuliwa kando, kuchukua draiva mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kipakatalishi, na kujaribu tena. Hakuna sababu ya kufuta kitu. Namba 0x80070070 nayo inasema diski imejaa, na 0xC1900208 inasema kuna programu isiyopatana na toleo jipya. Anayetaka kuingia ndani zaidi atakuta shajara ya makosa, faili iitwayo setuperr.log, katika folda iliyofichwa ya C:\$WINDOWS.~BT\Sources\Panther, na katika matoleo ya karibuni mashine yenyewe huendesha chombo kiitwacho SetupDiag baada ya kushindwa na kuandika ripoti ya sababu ilizozitambua.

Suala la nafasi lina sura mbili, na ya pili huwachanganya hata mafundi. Ya kwanza ni ya kawaida: diski yenye GB 128 iliyojaa video na muziki haina mahali pa kuweka mfumo wa zamani na mpya kwa pamoja, na tiba yake ni kuhamisha vitu vizito kwenye diski ya nje. Ya pili ni kwamba mwanzoni mwa diski kuna kigawe kidogo kilichofichwa, mara nyingi chenye MB 100 tu, ambacho huhifadhi faili za kuamshia mashine. Kigawe hiki kikijaa, upandishaji hukataa ukisema haukuweza kusasisha kigawe kilichotengwa kwa mfumo, hata kama diski C ina GB 200 tupu, na mtu anaweza kufuta picha za familia nzima bila kusaidia chochote.

Kuna pia kosa linalozaliwa katika baiosi, ile programu ya msingi iliyo kwenye ubao mkuu ambayo huamka kabla ya mfumo endeshi wowote. Windows 11 hudai mashine iamshwe kwa njia mpya ya UEFI, ilhali vipakatalishi vingi vya mkono wa pili viliwekewa Windows 10 kwa njia ya zamani. Mtu akiingia kwenye baiosi na kugeuza mpangilio huo bila kwanza kuibadilisha diski ipatane nao, mashine itaandika kwamba haioni diski ya kuamkia, naye atadhani diski imeungua. Haijaungua: mpangilio ukirudishwa ulivyokuwa, mfumo huwaka tena, na ubadilishaji unaweza kufanywa kwa utaratibu kwa chombo kiitwacho mbr2gpt, ambacho kimo ndani ya Windows 10 yenyewe na hakifuti faili.

Ikitokea kwamba mashine haiwaki katika mfumo wowote, wa zamani wala mpya, mazingira ya ukarabati hujitokeza yenyewe baada ya majaribio kama mawili ya kuwaka yaliyoshindikana. Humo mna uwezo wa kurekebisha uamshaji, wa kuondoa sasisho la mwisho, wa kurudi kwenye toleo la awali ikiwa folda ya Windows.old bado ipo, na wa kufungua skrini nyeusi ya amri. Kwenye skrini hiyo, amri chkdsk C: /f hukagua mpangilio wa diski na kurekebisha kasoro zake. Mashine ikiwa inawaka lakini ina matatizo, amri ya DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth ikifuatwa na sfc /scannow hutafuta faili za mfumo zilizoharibika na kuziweka nzima. Lakini chkdsk ina hatari yake: kwenye diski iliyoanza kufa, inayotoa milio ya kugongagonga au inayosoma kwa kusitasita, kuilazimisha isome kila pembe kunaweza kuimaliza. Diski ya namna hiyo huokolewa kwanza, ndipo uchunguzi mwingine ufuate.

Kuokoa faili kutoka kwa mashine isiyowaka si jambo gumu kama linavyodhaniwa, na ni aibu kwamba halifanywi kila mara. Flashi iliyowekewa Ubuntu, mfumo endeshi huria wa jamii ya Linux, inaweza kuiamsha kompyuta bila kugusa diski yake, na kutoka hapo folda za mwenyewe huonekana na kunakiliwa kwenye diski ya nje. Pasipo flashi hiyo, diski inaweza kufunguliwa kwa bisibisi na kuunganishwa na kompyuta nyingine kwa adapta ya USB. Kizuizi halisi ni kimoja tu: diski iliyofungwa kwa BitLocker, teknolojia ya Windows ya kusimba data ili asiyehusika asiisome. Kompyuta ikihisi kwamba baiosi imebadilishwa, huweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, na pasipo ufunguo huo hakuna fundi wa Kitale wala wa Nairobi atakayeifungua. Ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyewasha ulinzi huo, kwa hiyo mnunuzi wa mashine iliyotumika anapaswa kuhakikisha mapema kwamba haijafungwa kwa akaunti ya mtu mwingine, na mwenye mashine yake auandike ufunguo kwenye karatasi kabla ya kuanza upandishaji.

Wapo watakaosema kwamba tahadhari hii imezidi. Historia inawajibu. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo la Windows 10 lililojulikana kama 1809, na siku chache baadaye ikalazimika kulisimamisha kwa sababu baadhi ya watumiaji walikuta faili zao zimefutwa; ilikuwa kasoro ya kampuni yenyewe iliyogusa waliokuwa wamehamishia folda kama ya nyaraka mahali pengine, na toleo hilo halikurudi hadi tarehe 13 Novemba. Waliokuwa na nakala walisikitika kwa siku moja, na wasiokuwa nayo walipoteza kazi ya miaka. Tarehe 19 Julai 2024 mambo yalikwenda kinyume chake: sasisho baya la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, zikawa zinawaka na kuzima bila kukoma, zikasimamisha ndege na hospitali, na bado data yake ilikuwa salama, kwa kuwa tiba ilikuwa kuingia katika hali salama na kufuta faili moja. Kwa macho ya mtumiaji, mashine ya mkasa huu wa pili ndiyo iliyoonekana kufa zaidi, na aliyeifomati kwa hofu aliangamiza kilichokuwa kizima.

Mafundi wa miji yetu hawastahili kubebeshwa lawama yote. Kufomati na kuweka mfumo upya ni kazi inayojulikana muda wake na bei yake, ilhali kuchunguza kunaweza kula siku nzima bila malipo ya ziada, na mteja mwenyewe aghalabu husema tu kwamba anataka mashine iwake. Pamoja na hayo, wengine huweka Windows zilizochakachuliwa, zenye sehemu zilizong'olewa na programu za kuvunja leseni, na mfumo wa aina hiyo hushindwa kupanda toleo kwa sababu huduma za sasisho zilikwisha zimwa na huenda pia umebeba programu za wizi. Jambo la kusikitisha ni kwamba uvunjaji huo mara nyingi hauna haja: tangu siku za Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji wa vipakatalishi huweka ufunguo wa leseni ndani ya ubao mkuu, hivyo mashine nyingi zilizotoka makampuni zina leseni halali ambayo Windows safi, iliyopakuliwa bure kutoka kwa Microsoft, huitambua yenyewe. Saiba inayoshika nakala za vitambulisho vya wateja ina wajibu mzito zaidi, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde, na kumwachia mtu mwingine diski yenye vitambulisho hivyo bila makubaliano ni kuwaweka wateja hatarini.

Upakuaji nao una mitego yake. Faili za Windows 11 zina ukubwa wa GB kadhaa, na anayezivuta kwa bando la simu huona zikikatika njiani na bando likiisha. Ni nafuu zaidi kupakua mara moja mahali penye intaneti ya kebo, kuweka kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, na kuitumia kwa mashine zote za shule au ofisi. Flashi za bei ya kutupa zinazouzwa mitaani huweza kudanganya ukubwa wake, zikapokea faili na kuiharibu kimyakimya. Ndiyo maana Microsoft huchapisha alama ya uhakiki ya faili zake, mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu, na amri ya certutil -hashfile ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256 hutoa alama ya faili iliyopo mkononi ili zilinganishwe. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, faili hiyo isitumike.

Zipo pia mashine ambazo hazitapanda hata zikibembelezwa vipi, na ni bora kulijua hilo kabla ya kupoteza siku. Windows 11 inadai ramu ya GB 4, diski ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo hutunza funguo za usimbaji, na prosesa iliyo katika orodha ya kampuni, ambayo kwa Intel huanzia, isipokuwa chache, kizazi cha 8. Kizazi husomeka kwenye jina la prosesa lenyewe: i5-6300U ni ya kizazi cha 6 kwa sababu tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, i5-8250U ni ya kizazi cha 8, na i5-10210U ni ya kizazi cha 10. Kwa hiyo HP EliteBook 840 G3, mashine imara inayopendwa sana katika soko la mkono wa pili, iko nje ya orodha, ilhali ndugu yake wa G5, akiwa na prosesa ya kizazi cha 8, anakubalika. Zipo mbinu za kuuruka ukaguzi huo, lakini Microsoft haiahidi kuzipa sasisho mashine zilizopitishwa hivyo, na kwa kompyuta inayobeba hesabu za watu hilo si jambo la kubahatisha.

Kwa mashine isiyotimiza masharti hayo, mwenyewe ana njia mbili za maana. Anaweza kuiandikisha katika mpango wa nyongeza wa Microsoft kwa watumiaji binafsi, unaoendelea kuipa Windows 10 marekebisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, iwe kwa kulipa dola 30 za Marekani au bila malipo kwa kuhifadhi mipangilio ya kompyuta kwenye akaunti ya Microsoft. Au anaweza kuhamia Linux, kama vile Ubuntu au Linux Mint, ambayo huendesha kivinjari, programu za ofisi za LibreOffice na kazi nyingi za tovuti za serikali kwenye prosesa ya kizazi cha 6 bila kulalamika, na ambayo inaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi kabla diski haijaguswa. Linux nayo hukwama ikipandishwa toleo, hasa umeme ukikatika katikati, lakini kwa Ubuntu kuwasha kwa kiini (kernel) cha zamani kutoka orodha ya mwanzo, kisha kuandika sudo dpkg --configure -a na sudo apt --fix-broken install, mara nyingi huimalizia kazi pale ilipoachwa. Mwalimu mwenye EliteBook ya G3, akiisha kunakili alama za wanafunzi wake mahali pawili, anaweza kuanza na hiyo flashi leo.